Video Imesambaa, Mteja Yuko Wapi?

Hotuba kwa wafanyabiashara wadogo na wanafunzi wa masoko, Dar es Salaam

Ndugu zangu wafanyabiashara, walimu wetu, na nyinyi vijana mnaosomea masoko, asanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie matangazo ya video yanayosambaa mtandaoni, na jinsi yanavyomvuta mteja na kumfanya aendelee kuwa karibu na chapa. Jambo langu nitalisema mapema, ili hata atakayelazimika kuondoka kabla sijamaliza aondoke nalo. Video husambazwa na watazamaji. Mteja hubakizwa na wewe mwenye biashara, na kazi ya kumbakiza inaanza saa ile ile video inapoanza kutembea. Wengi wetu tunamaliza nguvu na fedha zote kwenye kurekodi, halafu wateja wanapobisha hodi hakuna wa kuwafungulia.

Tuanzie Orem, mji mmoja wa jimbo la Utah, Marekani, mwaka 2006. Pale kuna kampuni inaitwa Blendtec, inatengeneza blenda. Ni mashine nzito, wanunuzi wake wakubwa walikuwa maduka ya juisi na migahawa, na ya kutumia nyumbani bei yake ilikaribia dola 400. Majumbani haikuwa ikijulikana. Mwanzilishi wake, Tom Dickson, alikuwa na kawaida ya kupima uimara wa mashine zake kwa kuzitumbukizia vipande vya mbao. Mwaka huo kampuni ikaajiri meneja masoko, George Wright. Akaona unga wa mbao sakafuni, akauliza kulikoni, akajibiwa kwamba bosi anajaribu blenda. Waliokuwepo walikwisha kuzoea, hawakuona cha ajabu. Mgeni ndiye aliyeona.

Wright alitumia kama dola 50 tu. Alinunua koti jeupe la maabara, gololi, reki ya bustani, kuku wa kuokwa na vitu vingine vichache. Dickson akasimama mbele ya kamera akavitia kimoja kimoja, akiuliza kila mara swali lile lile: je, kitasagika? Wakaziweka klipu hizo YouTube, mtandao ambao wakati huo haukuwa umetimiza hata miaka miwili. Kwa siku chache zikatazamwa mara milioni 6.

Naomba tutulie hapa, maana wengi wakisimulia kisa hiki wanaishia kwenye hizo milioni 6. Mimi kinachonivutia ni kilichokuja baadaye. Watazamaji walianza kuandika: saga mipira ya gofu, saga simu. Kampuni ikawasikiliza. Mwaka 2007, wiki chache baada ya iPhone ya kwanza kuingia sokoni, wakati watu walikuwa wamepanga foleni mchana na usiku kuipata, Dickson aliitia kwenye blenda akaisaga ikawa unga mweusi. Dunia nzima ilikuwa inaongelea simu ile, na blenda ikaingia ndani ya maongezi hayo. Mwaka 2010 ikaja iPad, nayo ikasagwa. Video zilipita 100, na mtindo ukabaki ule ule: koti lile, swali lile, tabasamu lile la mzee. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba mauzo ya blenda za nyumbani yaliongezeka kwa asilimia 700. Tukumbuke kwamba takwimu hiyo imetoka kwa mwenye mali, na mauzo yale yalianzia chini. Hata hivyo, kupanda kulikuwepo.

Kwa nini ilidumu? Mimi naona sababu mbili. Ya kwanza, jaribio lilikuwa la kweli. Dickson alikuwa akisaga mbao kabla hata ya kuwaza kamera, na kamera iliyakuta mambo yalivyo. Ya pili ndiyo naiweka juu zaidi: huwezi kumsimulia jirani yako video ile bila kuitaja blenda. Jaribu uone. Ukiitoa blenda, kisa hakipo. Sasa chukua tangazo lako la mwisho. Mwambie ndugu yako akusimulie alichokiona. Akikuambia habari za mchekeshaji, dansi, na mama aliyeanguka na ndoo, halafu asitaje unachouza, basi umelipa fedha kumtangaza mchekeshaji. Hilo ndilo naliona kila wiki kwenye kurasa zetu. Tunamkodi msanii mwenye wafuasi wengi, tunampa sabuni aishike mkononi sekunde za mwisho, kisha tunashangaa watu wamecheka na sabuni imebaki dukani.

Thales Teixeira, aliyekuwa akifundisha Harvard, alifuatilia macho ya watazamaji wakitazama matangazo ya video. Aliona kwamba nembo ikikaa kubwa na kwa muda mrefu, watu wanaacha kutazama. Ikiingia kwa vipindi vifupi vifupi, ndani ya mtiririko wa kisa, wanaendelea. Kwa hiyo anayejaza nembo skrini nzima anawafukuza watu, na anayeificha hadi mwisho anaachwa na watu wanaoondoka kabla haijaonekana. Iweke ndani ya tendo, pale ambapo bila bidhaa tendo halifanyiki.

Kuna swali tunaliruka mara nyingi: mtu anatuma video kwa mwenzake kwa sababu gani? Jonah Berger na Katherine Milkman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichunguza karibu makala 7,000 za gazeti la New York Times, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Makala zilizotumwa sana kwa wengine zilikuwa zile zinazoamsha: zinazostaajabisha, zinazokasirisha, zinazotia wasiwasi. Zinazohuzunisha tu zilitumwa kidogo. Huzuni inamfanya mtu akae kimya na simu yake. Mshangao unamtoa kitini.

Huku kwetu naongeza jambo ninaloliona kila siku. Mtu hatumi tangazo lako kwenye kikundi cha familia kwa sababu anakupenda wewe mwenye duka. Anatuma kwa sababu anataka shangazi yake acheke, au mdogo wake aliyeko Mwanza asitapeliwe, au wenzake wa kikoba wajue kwamba yeye ndiye aliyeona kwanza. Na tangu Januari 2019 WhatsApp haikuruhusu kupeleka ujumbe kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mkupuo. Aprili 2020 wakabana zaidi: ujumbe uliokwisha kupitia mikono mingi unakwenda kwenye mazungumzo mamoja tu kwa mara moja. Kwa hiyo anayekupelekea video anachagua nani ampelekee. Tengeneza kitu ambacho mtu akikiona linamjia kichwani jina la mtu mmoja anayemfahamu.

Lakini hasira nayo inasambaza, na hapo wengi wanadanganyika. Aprili 2017 Pepsi walitoa tangazo la mwanamitindo Kendall Jenner akitoka kwenye upigaji picha, akajiunga na waandamanaji, akampa askari kopo la soda, na watu wakashangilia. Lilisambaa kwa saa chache dunia nzima. Lilisambaa kwa sababu watu waliona uchungu wa waliopigwa na waliouawa na polisi huko Marekani umegeuzwa mapambo ya soda. Siku iliyofuata kampuni ikaliondoa na kuomba radhi. Ukihesabu watazamaji tu, utasema lilifanikiwa. Ndiyo maana siwaamini watu wanaokuja na namba ya watazamaji peke yake.

Na namba yenyewe tuiulize inahesabu nini. Facebook ilikuwa ikihesabu mtazamo mmoja video inapofika sekunde tatu. Septemba 2016 walikiri kwamba wastani wa muda wa kutazama waliokuwa wakiwaonyesha wenye matangazo ulikuwa umezidishwa mno, kwa kuwa waliotazama chini ya sekunde tatu walikuwa wameachwa nje ya hesabu. Tangu Machi 2025, video fupi za YouTube zinahesabu kila mara klipu inapoanza kucheza, hata mtu akiipitisha kidole papo hapo. Namba hizo zina matumizi yake, lakini mtazamo haujawahi kuwa mteja. Mwenye duka ana hesabu zake nyingine: wangapi wameuliza, wangapi wamelipa, wangapi wamerudi mwezi uliofuata bila kuvutwa na tangazo jipya.

Sasa niwaeleze kisa ambacho kwangu ndicho shule kubwa ya kumbakiza mteja. Old Spice, manukato na sabuni za wanaume za kampuni ya Procter & Gamble, ilikuwa imezeeka machoni mwa watu; vijana waliiona ni harufu ya babu. Mapema mwaka 2010 Dove ilikuwa inaingia sokoni na sabuni zake za wanaume. Wakala wa matangazo Wieden+Kennedy wa Portland akaja na wazo la kuongea na wanawake, kwa kuwa ndio wengi wanaonunua sabuni za kuogea nyumbani. Mwigizaji Isaiah Mustafa, kifua wazi, akasimama bafuni, kufumba na kufumbua yuko kwenye boti, kufumba na kufumbua yuko juu ya farasi. Februari 2010 tangazo likatoka, likapendwa.

Kampuni nyingi zingeishia hapo na kusubiri tuzo. Wao Julai wakarudi kwenye lile bafu, wakakaa na waandishi, mafundi wa kamera na watu wa mitandao chumba kimoja, wakaanza kusoma maswali ya watu Twitter, Facebook na kwingineko, na kuyajibu kwa video, papo kwa papo. Unauliza swali asubuhi, mchana Mustafa amesimama na taulo anakujibu kwa jina lako. Kwa muda wa siku mbili na ushee walitoa video 186. Walijibiwa waigizaji maarufu, na wakajibiwa watu wa kawaida kabisa. Kijana mmoja aliomba Mustafa amposee mchumba wake, wakamposea, na binti akakubali.

Tazameni tofauti. Video ya Februari ilisema na kila mtu. Zile za Julai kila moja ilisema na mtu mmoja, na kwa sababu hiyo maelfu waliokuwa wanatazama wakaona kwamba na wao wanaweza kujibiwa. Aliyejibiwa alimtumia mama yake, wenzake kazini, kila mtu. Takwimu za Nielsen, kampuni ya utafiti wa masoko, zilionyesha mauzo ya sabuni hiyo ya maji yakiongezeka zaidi ya mara mbili mwezi huo. Niwe mkweli kwenu: kipindi hicho hicho kampuni ilikuwa inatoa kuponi za punguzo kwa wingi, kwa hiyo si halali kuipa video sifa yote. Lakini kuponi bila mazungumzo yale zingekuwa karatasi tu gazetini.

Na sisi? Mteja anaona video yako, inamfurahisha, anaandika kwenye komenti: "Bei?" Unamjibu: "Njoo DM." Wa pili anauliza bei, njoo DM. Wa arobaini, njoo DM. Ndugu zangu, nasema hili kwa uchungu. Yule mtu alikuwa amekwisha kununua moyoni. Alibakiza kujua ni shilingi ngapi tu, nawe ukamfanya abishe mlango wa pili. Wengine wananiambia wanaficha bei ili washindani wasiione. Mshindani wako anaijua bei yako tangu juzi. Ametuma mtoto wa dada yake akaulize. Asiyeijua ni mteja aliyeko Songea, ambaye bando lake la siku linaisha saa mbili usiku. Andika bei. Andika kama unatuma mikoani na nani analipa usafiri. Jibu la kwanza likiwa wazi, linasomwa na wote watakaokuja baada yake, na hapo komenti zako zinafanya kazi ile ile waliyofanya watu wa Old Spice chumbani.

Kuna jambo jingine la huku kwetu ambalo vitabu vya masoko vya nje havilitaji. Video yako haitakaa kwenye ukurasa wako. Mtu ataipakua, ataiweka status, mwingine ataomba atumiwe, itafika Bukoba na Bujumbura ikiwa imeachwa na maelezo yote uliyoandika chini yake. Jina, namba ya simu na mahali ulipo viwe ndani ya picha yenyewe, kwa maandishi yanayosomeka kwenye simu ndogo. Usipofanya hivyo utawafanyia kazi matapeli. Nimekaa na wenye maduka pale Kariakoo ambao video zao zilisambaa, na kabla ya jioni kulikuwa na kurasa nyingine zenye jina linalofanana na lao zinapokea fedha za watu. Mteja aliyeibiwa hamjui tapeli. Anakumbuka jina la duka lako. Siku video inaposhika kasi, bandika juu ya ukurasa taarifa fupi yenye lipa namba yako halisi na jina linalotokea mtu anapolipa.

Na faili liwe jepesi. Anayelipia bando kwa siku hafungui video nzito asiyojua ina nini. Wengi wanatazama wakiwa kwenye foleni au ndani ya basi, sauti imezimwa. Maandishi ya Kiswahili kwenye picha yanamsaidia huyo kuliko muziki wa gharama.

Kuna pia suala la kuwaachia watu nafasi ya kushiriki. Wenzetu wa Kenya wanamkumbuka Makmende, shujaa wa video ya bendi ya Just a Band, Machi 2010. Watu hawakutazama tu. Walimtengenezea majalada ya magazeti, noti za benki na misemo ya ushujaa wake. Hawakulipwa na hawakuombwa. Bendi haikuwafukuza kwa kudai haki zake. Biashara nyingi zikiona mteja amechezea tangazo lao zinakimbilia kulifuta. Kama hajatukana, muache acheze, mshukuru, iweke kazi yake kwenye ukurasa wako kwa ruhusa yake.

Hiyo ruhusa naisisitiza. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja wake bila idhini. Sisi Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Lakini hata sheria isingekuwepo, mama aliyekuja kula kwako amevua viatu kupumzisha miguu hakuja kuchekwa na nchi nzima. Muombe, na akikataa zima kamera.

Nawapeleka sasa Uganda, kwa kisa kisicho cha sabuni wala blenda, ila kinafundisha vilevile. Machi 5, 2012 shirika la Kimarekani la Invisible Children liliweka mtandaoni filamu ya karibu nusu saa kuhusu Joseph Kony na watoto waliotekwa na waasi wake. Kwa siku sita ilitazamwa mara milioni 100. Hakuna video iliyokuwa imefika huko kwa kasi hiyo kabla yake. Siku chache baadaye ikaonyeshwa hadharani Lira, kaskazini mwa Uganda, mbele ya watu walioteseka wenyewe. Wengi walikasirika, vurugu ikazuka, na walioandaa wakasitisha maonyesho mengine. Watu wa Lira walikuja kujiona. Wakamuona Mmarekani aliyeitengeneza filamu na mwanawe. Kony naye alikuwa amekwisha kuondoka kaskazini mwa Uganda tangu miaka kadhaa. Aprili 20 mamilioni waliotazama walitarajiwa kutoka usiku kubandika mabango mijini. Waliotoka walikuwa wachache sana. Desemba 2014 shirika likatangaza kwamba linapunguza kazi zake kwa kiasi kikubwa.

Milioni 100, na baada ya wiki sita barabara tupu. Mtazamaji alipewa hisia kali bila kupewa kitu cha kufanya siku ya pili, ya tatu, ya kumi. Linganisha na Dollar Shave Club, ambao mwezi huo huo wa Machi 2012 walitoa video iliyowagharimu kama dola 4,500, mwanzilishi Michael Dubin akitembea ghalani na kuongea juu ya nyembe. Tovuti ilizidiwa, na kwa siku mbili watu 12,000 walijiandikisha. Kujiandikisha maana yake nyembe zinakufikia nyumbani kila mwezi. Kila mwezi kampuni ilikuwa na sababu ya kubisha hodi. Mwaka 2016 Unilever waliinunua kwa takriban dola bilioni moja. Video ile ilifungua mlango, na kilichofuata ni kifurushi kilichofika kwa wakati.

Huna haja ya kuuza nyembe. Fundi cherehani anaweza kumwandikia mteja kabla ya Idi. Muuza mbegu anaweza kumkumbusha mkulima kabla ya mvua za vuli, na amtumie video ya shamba lile lile alilolionyesha mwanzo, jinsi mahindi yalivyotoka, hata kama hayakutoka vizuri sana. Hasa kama hayakutoka vizuri, aeleze kwa nini. Mkulima aliyeona ukweli huo atakuja kuuliza kwako kabla ya kwenda kwa mwingine.

Nimesema vya kutosha. Walioleta klipu zao waje mbele, tuziunganishe kwenye skrini. Ila naomba kila mmoja asianze na video. Aanze kwa kutufungulia komenti, tusome wateja waliuliza nini na nini walijibiwa.